Mkono Utakaoshika Jicho Lako

Jioni hii nazungumza na wewe mzee uliyeanza kuona ukungu. Nazungumza pia na mwanao au mjukuu wako, yule atakayetafuta nauli, atakayekaa kwenye foleni ya kliniki, na ambaye baadaye ndugu watamuuliza, "Mlimpeleka kwa nani?" Swali hilo kwetu huulizwa mambo yakishaharibika. Naomba leo tuliulize mapema.

Mtoto wa jicho tunamjua. Ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, na ni vigumu kupata ukoo ambao haukuwahi kuwa na bibi au babu aliyeshikwa fimbo na mjukuu akiongozwa kwenda msalani. Lenzi iliyo nyuma ya mboni, ambayo ujanani hupitisha mwanga bila kizuizi, huanza kuchafuka polepole. Taa za magari zinatawanyika usiku. Noti ya elfu mbili na ya elfu kumi mzee anazitofautisha kwa kuuliza. Anaacha kwenda swala ya alfajiri au misa ya kwanza, anasema miguu inamuuma, kumbe ni macho. Matone ya dukani hayaondoi ukungu huo, wala mizizi, wala asali. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka itolewe, ya bandia iwekwe mahali pake.

Sasa, kwa kuwa dawa ni hiyo moja, wengi tunachukulia kwamba mpasuaji ni yeyote yule, mradi amevaa koti jeupe. Tunauliza bei. Tunauliza kama bima inakubaliwa. Tunauliza kama mgonjwa atalala au atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini kuhusu mtu atakayeingiza kisu ndani ya jicho hatuulizi neno, tunaona haya. Mtu akienda mnadani kununua ng'ombe humfungua mdomo akamtazama meno, na muuzaji hakasiriki. Jicho la mama yako lina thamani kuliko zizi zima.

Hebu tuingie kidogo chumba cha upasuaji, maana ukijua kinachofanyika mle ndani utajua kwa nini mkono una maana kubwa hivi.

Mgonjwa amelazwa chali. Ana fahamu zake zote, kwa sababu watu wazima wengi hupigwa ganzi ya jicho tu. Ngozi inasafishwa kwa aiodini ya rangi ya kahawia, na matone ya aiodini iliyozimuliwa, kwa kawaida ya asilimia 5, yanatiwa ndani ya jicho lenyewe ili kuua vijidudu. Uso unafunikwa kitambaa, panabaki tundu la jicho moja. Daktari anatazama kwa darubini. Anafungua njia ndogo pembeni, anakifikia kifuko kinachoishika lenzi, anaufungua utando wa mbele wa kifuko hicho, na lenzi inatoka. Kinabaki kifuko kitupu. Utando wake wa nyuma una unene wa mikroni 4 hivi, yaani sehemu 4 tu ukiigawa milimita moja mara 1000, na nyuma ya utando huo ndipo ulipo ule ute unaolijaza jicho. Lenzi mpya inatakiwa ikae ndani ya kifuko hicho. Utando ukichanika, ute unakuja mbele, na kazi iliyokuwa ya dakika 10 au 15 inageuka kazi nyingine kabisa. Sasa panahitajika utulivu, kifaa cha kukata na kunyonya ute, na pengine lenzi ya akiba ya aina nyingine.

Utando huo huchanika hata mikononi mwa mabingwa. Ila mkono uliozoea huuchana mara chache, na ukichanika unajua la kufanya, mgonjwa akatoka anaona. Mkono usiozoea hushtuka, huvuta ute, na retina, lile pazia la nyuma ndani ya jicho, ikaja kubanduka wiki au miezi kadhaa baadaye.

Hili la mazoea limepimwa. Huko Ontario, Kanada, watafiti walipitia upasuaji wa mtoto wa jicho zaidi ya 280,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Madaktari waliopasua macho 50 hadi 250 kwa mwaka walipata madhara makubwa kwa wagonjwa kama 8 kati ya 1000. Waliopasua zaidi ya 1000 kwa mwaka walipata kwa mgonjwa 1 kati ya 1000. Vyeti ni vile vile, nchi ni ile ile, na wote ni madaktari bingwa. Tofauti yao ni wingi wa kazi iliyopita mikononi mwao.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili, na uliulize kwa adabu zote: "Daktari, katika mwaka uliopita umepasua macho mangapi yenye mtoto wa jicho?" Akisema mia kadhaa, vizuri. Akisema manane, mshukuru, kisha uulize nani hospitalini hapo anayepasua zaidi. Na uangalie anavyolipokea swali lako. Daktari mwenye kazi yake hujibu papo hapo, tena wengine hufurahi kuulizwa.

Hapa pana jambo la kuwekwa sawa, kwa sababu mtaani kila mtu wa macho anaitwa daktari wa macho. Yupo mtaalamu wa kupima macho na kuandika miwani. Huyo ni wa maana sana, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuugundua ugonjwa, lakini hapasui. Yupo daktari bingwa wa macho, aliyemaliza udaktari kisha akasomea macho kwa miaka mingine kadhaa, kwa mfano hospitali ya KCMC kule Moshi, au kupitia Chuo cha Madaktari wa Macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi COECSA, chenye makao yake Nairobi. Na yupo mtu wa tatu ambaye watu humdharau bila sababu. Kenya ni tabibu aliyesomea upasuaji wa mtoto wa jicho. Tanzania ni daktari msaidizi aliyesomea macho. Huyu si bingwa kwa cheti, lakini katika hospitali nyingi za mikoani ndiye aliyeibeba kazi yote mgongoni kwa miaka mingi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya bingwa wa mjini anayepasua mara moja moja na tabibu wa wilayani anayepasua kila wiki tangu vijana wa leo wako shule ya msingi, kwa jicho la kawaida lisilo na ugonjwa mwingine, nitakwenda kwa tabibu, tena kwa moyo mweupe. Muhimu awe na leseni hai. Kenya unaweza kuangalia rejista ya Baraza la Madaktari, au ya Baraza la Matabibu. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina lake liwepo.

Ukienda hospitali inayofundisha, utawakuta pia madaktari wanaojifunza. Msiwakimbie hovyo, kwa sababu bila wao miaka 20 ijayo hatutakuwa na wa kutupasua. Na namna ya kuwafundisha imeanza kubadilika. Madaktari wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waliwahi kupelekwa Cape Town kufanya mazoezi makali juu ya macho ya bandia. Utafiti juu yao ulichapishwa mwaka 2021, na ulionyesha kwamba waliopitia mazoezi hayo walichana utando wa nyuma mara chache sana kuliko wenzao waliokuwa bado hawajayapitia. Basi ukiambiwa daktari mwanafunzi atakuwepo, uliza: nani atashika kisu, na mwalimu wake atakuwa amesimama wapi? Jibu linalotosha ni kwamba mwalimu yuko pale pale kwenye darubini, tayari kuchukua nafasi.

Sasa nafika kwenye swali ninalolipenda kuliko yote. Ukishajua amepasua macho mangapi, muulize: "Na wangapi wanaona vizuri baadaye? Mnahesabu?"

Msikilizaji, kuna kipimo. Ile chati ya ukutani yenye herufi kubwa juu na ndogo chini, herufi ya juu kabisa ndiyo ya 6/60. Mtu asiyeiona hata hiyo akiwa mita 6 kutoka ukutani, jicho hilo halijamsaidia sana. Mwongozo wa siku nyingi wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba kati ya macho 100 yaliyopasuliwa, angalau 90 yaweze kuona 6/18 au zaidi kwa miwani inayofaa, na yasiyofikia 6/60 yasizidi 5. Na mwaka 2021 mataifa ya dunia, kupitia Baraza la Afya Duniani, yalikubaliana kuongeza huduma ya upasuaji huu ifikapo 2030 kwa namna inayohesabu ubora: jicho lililopasuliwa likabaki halioni vizuri halihesabiwi kuwa limehudumiwa. Kwa miaka mingi tulizoea kutangaziwa kwamba wazee mia fulani wamepasuliwa, makofi, picha, kwisha. Wangapi walirudi wakaisoma chati, hatukuambiwa.

Daktari anayehesabu ni daktari mwenye daftari. Asubuhi baada ya upasuaji, wagonjwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja jicho moja limefunikwa. Muuguzi anabandua plasta taratibu, anafuta kope kwa pamba yenye maji safi, halafu anamwambia bibi, "Tazama kule, E ile imeelekeza miguu yake wapi?" Bibi anaonyesha kwa mkono: juu, kushoto, chini. Kuna anayeandika. Baada ya wiki chache bibi anarudi, anapimwa tena, anaandikwa tena. Mwisho wa mwezi kuna mtu anayekaa na daftari hilo akajumlisha, akaona kwamba mwezi huu macho sita yalikwenda vibaya na mwezi uliopita mawili, akauliza kulikoni. Mahali penye mazoea hayo, hata kama ukuta umebanduka rangi na viti vya kungojea ni vya plastiki, mpeleke mama yako. Mahali ambapo baada ya upasuaji hakuna anayetaka kujua unaona nini, hata sakafu ing'ae namna gani, mimi nina wasiwasi napo.

Kuna suala la mashine, nalo linawasumbua wengi kwa sababu linapandisha bei. Njia mbili ndizo zinazotumika sana kwetu. Moja ni fako, ambapo lenzi husagwa kwa mawimbi ya sauti na kunyonywa kupitia tundu la milimita 3 au chini ya hapo. Ya pili ni upasuaji mdogo wa mkono, ambapo lenzi hutolewa nzima kupitia njia ya milimita 6 au 7 iliyokatwa kimshazari ili ijifunge yenyewe bila uzi. Watu husema fako ni ya kisasa na ile nyingine ni ya maskini. Nepal, nchi ambako upasuaji wa mkono uliboreshwa sana, njia hizo zililinganishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007: zote mbili zilileta uoni mzuri sana, na ile ya mkono ilikuwa ya haraka na ya gharama ndogo zaidi. Na lenzi ya mzee wetu aliyekaa na ukungu miaka kumi huwa ngumu, ya kahawia. Kuisagia ndani ya jicho kunaweza kuliumiza zaidi kuliko kuitoa nzima. Fako ina faida zake, kidonda ni kidogo na jicho hutulia mapema, na kwa mtu wa miaka 50 ambaye ukungu haujakomaa ni njia nzuri. Lakini usimlipe mtu kwa ajili ya mashine. Muulize njia ipi anaifanya kila siku, akupasue kwa hiyo.

Na lenzi inayowekwa? Hiyo ina namba, kama miwani. Mwaka 1949, pale hospitali ya St Thomas' mjini London, daktari Harold Ridley alikuwa wa kwanza kuweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la binadamu. Alikuwa ameona wakati wa vita kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe wa kudumu. Wazo lilikuwa kubwa na lilifanikiwa, lakini mgonjwa wake wa kwanza alibaki haoni mbali bila miwani mizito, kwa kuwa nguvu ya lenzi haikukadiriwa sawasawa. Siku hizi hakuna sababu ya kubahatisha. Kabla ya upasuaji, urefu wa jicho upimwe kwa mashine na mpindo wa kioo cha mbele cha jicho upimwe, na kila mtu ahesabiwe lenzi yake. Kosa la milimita 1 katika kupima urefu humtupa mtu mbali kwa takriban dayopta 2.5, kile kipimo cha namba za miwani; hapo mkono wa dhahabu hausaidii. Ukiona mahali wanapompa kila mgonjwa lenzi ya namba moja, uliza kwa nini.

Mpasuaji mzuri utamjua pia kabla hajashika kisu. Atakuuliza kisukari. Atapima presha ya jicho. Atamulika mboni aone inavyojibana, na kama ukungu ni mweupe kiasi kwamba hawezi kuona nyuma, atatumia altrasaundi, kwa sababu lenzi inaweza kuwa imelificha pazia lililobanduka au mshipa wa macho uliokufa kwa presha. Kisha anaweza kukwambia, "Mzee, jicho hili nikilipasua halitaona, tusikupotezee fedha." Watu hutoka hapo wamekasirika wakaenda kwa mwingine anayekubali kila jicho. Msikilizaji, yule aliyekukatalia na akakueleza sababu, mshike. Kwa jicho jingine huyo ndiye wako.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi: mtoto mchanga mwenye doa jeupe kwenye mboni hasubiri, na hapelekwi kwa mpasuaji wa wazee. Anahitaji hospitali yenye bingwa wa macho ya watoto na daktari wa usingizi aliyezoea watoto. Mpelekeni wiki hiyo hiyo.

Zile kambi za macho, au huduma mkoba, zina baraka zake. Zimewafikia bibi zetu ambao fedha za familia zilikwenda kwenye jicho la babu kwanza, maana ni kweli kwamba wanawake hupasuliwa kwa uchache kuliko wanaume. Ikija timu kijijini, nenda ukapimwe. Kabla ya kukubali kupasuliwa, uliza mambo mawili: nani ataniona kesho asubuhi na baada ya wiki chache, na timu ikishaondoka, jicho likiuma nimpigie nani? Jicho lililopasuliwa likianza kuuma zaidi badala ya kutulia, likawa jekundu, uoni ukapungua, huenda vijidudu vimeingia ndani. Hutokea mara chache, pengine jicho moja kati ya elfu na zaidi, lakini likitokea saa ndizo zinazoliokoa. Timu isiyoacha namba ya simu wala jina la hospitali ya kukimbilia, usiipe jicho.

Na kama umekuwa ukisubiri kwa sababu uliambiwa mtoto wa jicho lazima akomae kwanza, hayo yalikuwa ya zamani, enzi za kutoa lenzi pamoja na kifuko chake. Leo kumngoja akomae sana kunaifanya kazi iwe ngumu, na lenzi iliyopitiliza inaweza kuvuja na kupandisha presha ya jicho ghafla, kwa maumivu makali. Ukishindwa kufanya shughuli zako kwa sababu ya ukungu, wakati umefika. Una muda wa kutosha wa kutafuta mpasuaji, wiki au mwezi; usikae miaka.

Nina neno kwa wewe ambaye jicho la kwanza lilikwenda vibaya na sasa unaliogopea la pili. Usimlaani daktari kabla ya kujua kilichotokea. Pengine utando wa nyuma umeingia ukungu, jambo la kawaida linaloondolewa kwa leza kwa dakika chache bila kisu. Pengine ulihitaji miwani tu na hukupewa. Pengine utando ulichanika kweli. Daktari wa pili anahitaji kulijua hilo kabla ya kuligusa jicho lililobaki, kwa sababu yaliyoliponza la kwanza yanaweza kujirudia. Kwa hiyo rudi ulikopasuliwa, uombe kwa maandishi tarehe ya upasuaji, aina yake, namba ya lenzi iliyowekwa, na kama kulitokea tatizo lolote mezani. Mara nyingi mengi ya hayo yako kwenye kadi yako ya kliniki, na lenzi huja na stika yake inayobandikwa kwenye faili, omba nakala. Hawapaswi kukunyima, na wakikunyima, muone mganga mkuu wa hospitali. Ukienda kwa daktari mpya, mpe karatasi hizo kwanza, kisha muulize yale ya mwanzo: umepasua macho mangapi mwaka uliopita, na wangapi wanaona?